Seli Isiyosahau Kwao

Wahenga walinena: Mwacha asili ni mtumwa. Sikiliza, ewe msomaji, habari ya seli iliyokataa utumwa huo.

Ubongo wa mtu aliye hai haufunguliwi kwa majaribio. Basi maradhi yake yatachunguzwaje? Mwaka 1998, James Thomson wa Marekani alifaulu kukuza seli shina za binadamu, yaani seli changa ziwezazo kugeuka kuwa za kiungo chochote. Mwaka 2007, Shinya Yamanaka wa Japani alipata seli za namna hiyo kutokana na ngozi ya mtu mzima. Kisha wataalamu wa Ubelgiji walitengeneza kwazo seli za neva, wakazipandikiza katika ubongo wa panya wachanga. Mwaka 2013 walitangaza kwamba zilikuwa zimeungana na seli za mwenyeji wao.

Ajabu kubwa ilielezwa mwaka 2019. Seli za panya hukomaa kwa majuma machache. Hizi za binadamu, ingawa zilikuwa ugenini, zilichukua miezi mingi, kwa mwendo wa kwao. Hatimaye zikaitikia yale yaliyoonwa na macho ya panya.

Usione haya, basi, kwamba wakua polepole: huenda katika polepole hiyo ndimo ulimo wasaa wako wa kujifunza.