Mwenye Hisa Chache na Njia ya Kutokea

Ipuli ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliokuzwa na njia ya misafara. Katika karne ya 19, njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe na kugawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Miongoni mwa Wanyamwezi waliosafiri walikuwamo wafanyabiashara wadogo walioambatana na misafara mikubwa wakiwa na pembe zao chache, kwa ajili ya usalama. Sauti yao ilikuwa ndogo, lakini walikuwa na kinga moja: kuondoka. Aliyeona anadhulumiwa aliweza kuchukua mali yake na kusubiri msafara mwingine. Hata mpagazi, posho ikipunguzwa, aliweza kutua mzigo.

Mwenye hisa chache katika kampuni binafsi hana kinga hiyo. Hisa zake hazina soko, na mara nyingi wakurugenzi wana mamlaka ya kukataa kumsajili mnunuzi. Mtaji wake umo ndani, naye yuko nje ya maamuzi.

Sheria ya Kiingereza, ambayo sisi tuliirithi, ilichelewa kuliona hilo. Mwaka 1843, katika shauri la Foss dhidi ya Harbottle, wanahisa wawili walilalamika kwamba wakurugenzi waliiuzia kampuni ardhi yao kwa bei ya kupindukia. Mahakama iliwajibu kwamba aliyedhulumiwa ni kampuni, hivyo kampuni ndiyo ishitaki. Lakini kampuni husema kwa kinywa cha walio wengi. Mshitakiwa akawa ndiye mwenye ufunguo wa mahakama.

Shauri la Ebrahimi, lililoamuliwa mwaka 1972, linaonesha dhuluma ya namna nyingine. Wabia wawili wa biashara ya mazulia waliunda kampuni, kisha mwana wa mmoja wao akaingizwa. Faida haikugawiwa kama gawio, bali kama malipo ya wakurugenzi. Baba na mwana walipomwondoa Ebrahimi katika ukurugenzi, kwa kura halali kabisa, alibaki na hisa zisizomwingizia chochote. Mahakama ilimpa haki kwa kuamuru kampuni ifilisiwe. Ilikuwa haki, lakini haki ya kumchinja ng'ombe kwa sababu maziwa yamegawanywa vibaya.

Tanzania ilipata dawa iliyo bora zaidi katika Sheria ya Makampuni ya 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Kifungu cha 233 kinamruhusu mwanachama wa kampuni kwenda mahakamani pale mambo ya kampuni yanapoendeshwa kwa namna inayoumiza isivyo haki maslahi ya wanachama, wote au baadhi yao. Mahakama inaweza kuzuia kitendo, kuruhusu kampuni ishitaki, au kuamuru hisa za mlalamikaji zinunuliwe. Kwa maneno mengine, sheria imemrudishia mnyonge njia ya kutokea, bila kuuvunja msafara.

Hata hivyo, kifungu hakijisomi chenyewe. Ndugu wengi huchanga mtaji wa mashine ya kukoboa mpunga au wa lori kwa kuaminiana tu, wakasaini katiba ya kampuni iliyonakiliwa kutoka kwingine. Kabla ya kusaini, waulize mambo matatu: nani anaweza kuniondoa, faida itagawiwaje, na nikitaka kutoka, nani atanunua hisa zangu na kwa bei ipi? Kisha watunze mihtasari ya mikutano na hesabu za kila mwaka, kwa maana mbele ya jaji malalamiko yasiyo na karatasi ni hasira tu.

Mfanyabiashara mdogo wa Unyamwezi alijua nani anaongoza msafara kabla ya kuanza safari. Nasi tusianze bila kujua.