Boriti za Rufiji, Nyumba za Msajili

Mwezi uliopita niliitwa Magomeni kwenye kikao cha ukoo. Shangazi yetu hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba aliyotuachia yeye na marehemu mumewe imebaki mikononi mwetu sisi watoto wa kaka zake. Mnunuzi amepatikana. Anataka kiwanja tu, nyumba yenyewe ataibomoa apandishe ghorofa. Mimi niliyetoka Kibiti na begi la korosho nikaambiwa, wewe unayependa kusoma, hebu pitia hizi karatasi. Katikati ya stakabadhi zilizopauka nikakuta jina la Shirika la Nyumba la Taifa, na malipo ya kidogokidogo yaliyoandikwa kwa mkono, mwaka hadi mwaka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria shirika hilo. Watu wa mjini wanalijua kama mwenye nyumba wao. Sisi Wandengereko tunapaswa kulijua kwa njia nyingine, maana kabla yake aliyekuwa akiijenga Dar es Salaam, kwa maana ya vifaa, ni delta yetu.

Babu alikuwa mkata boriti. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na kwa karne nyingi msitu huo ulikuwa ghala la ujenzi la nusu ya Bahari ya Hindi. Majahazi yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Huko Ghuba, ambako mti wa kuezekea ni shida kuupata, dari za Kuwait, Bahrain na Oman zilishikwa na miti ya pwani yetu. Wao waliiita chandal. Ukiingia nyumba ya kale ya mawe Unguja au Lamu ukashangaa mbona chumba ni kirefu halafu chembamba, jibu liko kwenye tope letu. Upana wa chumba ulikuwa ni urefu wa boriti. Mjenzi hakuwa na uchaguzi.

Kuna Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, wakaingia delta mwaka 1939 kutafuta shehena ya boriti. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka 1940. Wapenzi wa vitabu vya safari hukisifu kwa kurasa za baharini. Mimi huzisoma zaidi zile za Rufiji, kwa sababu jasho linaloelezwa pale ni la kina babu. Waliingia mkondoni maji yakijaa, wakakata wakiwa tope magotini, wakatoka maji yakitoka, na mzigo ukahesabiwa kwa korja, ishirini ishirini. Mabaharia wa Kuwait nao walikata. Mbu hakubagua.

Dar es Salaam ilikula boriti hizohizo. Nyumba ya Mswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ilisimama juu ya nguzo za mikoko, kuta za fito zilizokandikwa udongo, juu makuti. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani nyuma. Mwenye nyumba alikaa na wapangaji wake chini ya paa moja, na kodi ya vyumba vinne ndiyo iliyomlisha uzeeni. Mtu wa Rufiji aliyefika mjini bila kazi alipokelewa kwenye nyumba ya namna hiyo.

Uhuru ulipokuja, serikali ya TANU ikazitazama nyumba hizi ikaona aibu. Mwaka 1962, hata mwaka mmoja wa Uhuru haujazoeleka, Bunge likapitisha sheria ya kuunda Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka uliofuata umiliki wa ardhi wa moja kwa moja uliachwa, ukawa wa kupangishwa na serikali, kwa hiyo shirika lilizaliwa ndani ya nchi ambayo ardhi yake yote ilikuwa na mwenyewe mmoja. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kubomoa: mtaa kwa mtaa, nyumba za udongo na makuti ziliangushwa, na mahali pake ikainuka nyumba ya matofali ya saruji na bati, mwenyewe akiilipa kwa mkopo. Magomeni ndiko kulikojulikana sana kwa jambo hili. Kilichonifurahisha nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba ramani haikubadilika. Vyumba vile vile, ukumbi ule ule. Serikali ilibadilisha kuta, ikauacha mtindo wa maisha ulivyo, na nadhani hiyo ndiyo sababu nyumba zile zilipendwa.

Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha. Huko Ghuba tayari mafuta yalikuwa yameleta zege na nondo, na majahazi ya Kuwait yakawa yanapungua hadi kuwa hadithi. Babu akawa anakata kwa ajili ya wavuvi na majirani. Halafu mafuriko ya 1968 yakaja, na Operesheni Rufiji ikawahamisha watu wa bondeni kwenda miinuko ya kaskazini, huku kwetu. Kwa hiyo ndani ya miaka isiyofika kumi serikali ilitujengea mjini na ikatuhamisha shambani. Wazee wetu waliyasimulia haya mawili kwa sauti tofauti kabisa.

(Ajabu ni kwamba Mwalimu mwenyewe, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamika kuwa wananchi wamelewa saruji na bati, wamesahau kujenga kwa vitu vilivyopo. Mtu wa Rufiji akisikia hivyo anacheka tu.)

Lakini ukubwa wa shirika la leo haukutokana na kujenga peke yake. Tarehe 22 Aprili 1971 ilitangazwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Karibu yote yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozeeka, na jengo lililopita miaka kumi halikulipwa kitu. Maghorofa ya Upanga, Kisutu na kando ya Barabara ya Uhuru yakawekwa chini ya ofisi mpya, Msajili wa Majumba. Mpaka leo wazee wakikuelekeza njia watasema, pale kwenye nyumba ya Msajili. Waliopenda kusoma upande wa pili wa siku hiyo wanaye M. G. Vassanji, ambaye vitabu vyake vinarudi kwenye mitaa hiyohiyo na familia zilizofunga mizigo zikaondoka.

Nasema wazi kwamba nimegawanyika. Mjomba wangu alipata chumba cha Msajili mwaka ule wa pili, kodi ndogo, maji ya bomba ndani, akasomesha watoto watano. Kwa familia yetu hiyo ilikuwa haki. Kwa aliyeweka akiba miaka thelathini duka la chini na vyumba juu, ilikuwa nini? Nimejaribu kuziweka familia hizi mbili kwenye sentensi moja, na kila mara moja inaisukuma nyenzake nje.

Mwaka 1990 Msajili alivunjwa, majumba yake yakaunganishwa na Shirika, na ndipo likawa jitu tunalolijua. Jitu lililochoka, hata hivyo. Kodi zilidhibitiwa kisheria, lifti zilikufa, rangi ilibambuka, na Benki ya Nyumba iliyotegemewa kukopesha wajenzi ikafa 1995. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2005 shirika likaruhusiwa kufanya biashara hasa. Mwaka 2010 akaja Nehemia Mchechu, mtu wa benki, na msamiati ukabadilika: ubia, mikopo, nyumba za kuuza. Zikaanza Mwongozo kule Kigamboni, Morocco Square, Kawe 711, Safari City ya Arusha. Baadhi ya miradi hiyo ilisimama miaka kadhaa, korongo zikiganda angani, kabla ya kazi kuendelea. Mwaka 2022 sera mpya ya ubia ilizinduliwa, na sasa Kariakoo inapanda juu.

Siyadharau hayo. Shirika linaloishi kwa kodi za zamani hufa na kuta zake. Ninachokiona nikisimama Morocco pale ni kwamba mpangaji wa chumba kimoja, yule ambaye nyumba ya udongo ilimpokea na nyumba ya matofali ya 1965 ikampokea tena, hayumo kwenye ramani mpya. Yuko Mbagala na Chamazi, kwenye nyumba aliyojijengea tofali kwa tofali bila shirika lolote. Wengi wao ni watu wa kwetu. Ndiyo barabara ya Kilwa inapoingilia mjini.

Kwenye uani wa shangazi kuna banda la jiko. Nguzo yake ya katikati ni boriti ya mkoko, nyeusi kwa moshi, iliyookolewa nyumba ya udongo ilipobomolewa. Shangazi alituambia ilitoka Salale, katika mzigo wa babu. Mchwa wameila meza, wameila milango, hiyo hawajaigusa.

Kikao kinaendelea Jumamosi. Binamu zangu wengi wanataka kuuza, na kwa bei iliyotajwa siwalaumu. Wana ada za shule, na mmoja anadaiwa hospitali. Nimewaambia nitasaini. Nimeomba tu siku ya kubomoa niitwe mapema, nije na msumeno nikate ile boriti vipande viwili, maana nzima haitaingia kwenye buti la basi la Kibiti, na makondakta wa Mbagala Rangi Tatu nawajua.