Mama Léonie Abo na Vita ya Mulele

Katika mji wetu jina la Mulele lilisikiwa kwanza kama kelele ya vita. Mwezi wa sita 1964 Wasimba waliteka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, wakipaza sauti «Mai Mulele!», kwa kutumaini kwamba risasi zitageuka maji. Jason Sendwe, mkubwa wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, aliuawa siku zile. Askari wa serikali waliurudisha mji mwishoni mwa mwezi wa nane. Na Mulele mwenyewe? Hakukanyaga huku kwetu katika vita ile hata siku moja. Alikuwa katika misitu ya Kwilu, magharibi ya nchi, na pamoja naye alikuwako mwanamke ambaye wachache kati yetu wamesikia habari zake.

Léonie Abo alizaliwa tarehe 15 mwezi wa nane 1945 katika kijiji cha Malungu, kando ya mto Kwilu. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Ndiyo maana mtoto aliitwa Abo, yaani «matanga» katika lugha ya Kimbunda. Alijifunza kazi ya kuzalisha, akaozwa angali msichana mdogo. Mwaka 1963 aliingia msituni, akawa mke wa Pierre Mulele, ambaye mwaka 1960 alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba. Mulele alisoma katika seminari ndogo ya Kinzambi. Nami nilipita katika seminari ndogo, kwa hiyo neno hilo hunishtua kidogo kila ninapolisoma.

Tusifiche jambo: vita ile ilimwaga damu ya Kanisa. Mwezi wa kwanza 1964 mapadri watatu wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata waliuawa Kilembe. Watu wengi wa vijijini nao walikufa, wengine kwa mkono wa waasi, wengine kwa mkono wa askari waliotumwa kuwapiga waasi.

Miaka mitano Abo aliishi vita hiyo. Kazi ya uuguzi aliyojifunza zamani za amani ndiyo aliyowatumikia nayo wagonjwa wa msituni, na kadiri msitu ulivyozungukwa, shida ilizidi.

Mwezi wa tisa 1968 yeye na mume wake walifika Brazzaville. Mobutu alikuwa ametangaza msamaha. Mulele akasadiki, akavuka mto kwenda Kinshasa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi aliuawa kwa mateso makali, na mwili wake ukatupwa mtoni. Hivyo yule aliyeitwa Matanga hakupata maiti ya kuililia. Alikuwa mjane wa miaka 23.

Abo aliishi uhamishoni Brazzaville. Katika miaka ya 1990 habari zake zilitolewa katika kitabu cha Ludo Martens, mwandishi wa Ubelgiji, na kichwa chake hakimtaji Mulele: Abo, une femme du Congo.