Sheria ni Msumeno, Mwamuzi ni Fundi

Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno haujiendeshi wenyewe. Waendeshwa na mkono wa fundi, naye fundi asiyejua pa kukata huharibu mbao njema. Katika makala haya twapenda kuwatazama waamuzi wa michezo na kujiuliza: ni lini yafaa mwamuzi aishike sheria neno kwa neno, na ni lini yampasa kutumia busara?

Tarehe 24 Julai 1908, mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki zilianzia Windsor na kuishia katika uwanja mkubwa wa London, mwendo wa kilomita 42 na mita 195. Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Dorando Pietri, Mwitalia. Masikini, nguvu zilikuwa zimemwishia. Aligeukia upande usio wake, waamuzi wakamrudisha. Akaanguka, wakamwinua. Akaanguka tena na tena, nao kila mara wakamsimamisha, hata akaufikia mwisho kwa msaada wao. Sekunde 32 baadaye akafika Johnny Hayes wa Marekani, ambaye hakushikwa na mtu. Wamarekani wakakata rufani. Pietri akaondolewa katika matokeo, na nishani ya dhahabu ikawa ya Hayes. Kesho yake Malkia Alexandra alimtunuku Pietri kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu.

Je, waamuzi wale walikosea? Nia yao ilikuwa njema, kwani walichelea mtu asije akafa mbele ya macho ya maelfu. Kosa lao ni kuchanganya mambo mawili: kumwokoa mtu na kumshindisha. Kama waliihofia roho yake, wangalimlaza chini wakamwachia daktari. Kama waliamini kuwa angali na uwezo, wangalimwacha apambane mwenyewe. Walishika njia ya katikati, wakamnyima Pietri haki ya kumaliza au kushindwa kwa miguu yake, na nusura wamnyime Hayes ushindi wake halali.

Miaka 60 baadaye, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea na safari, akawasili wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Jeraha lilitibiwa, lakini hakuna aliyembeba. Ndiyo maana jina lake latajwa kwa heshima hata leo.

Mfano wa tatu ni wa tarehe 5 Agosti 1984, mjini Los Angeles, wanawake walipokimbia marathoni ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani akiyumba kama mlevi, mwili umepinda upande mmoja. Sheria ilikuwa wazi: akiguswa, ameondolewa. Madaktari walimkaribia, wakamtazama, wakaona kwamba angali akitoka jasho, dalili ya kuwa mwili bado wajipoza. Wakaizuia mikono yao. Alitumia karibu dakika sita kuzunguka uwanja, akamaliza wa 37, na hapo ndipo wakamdaka. Baadaye kanuni zilirekebishwa, daktari akaruhusiwa kumpima mkimbiaji njiani bila ya kumharibia mashindano.

Tofauti ya mwaka 1908 na mwaka 1984 si kwamba wa kwanza walikuwa na huruma na wa pili hawakuwa nayo. Wote waliguswa. Lakini wa pili walitazama kwanza, kisha wakaamua. Busara, basi, si kuivunja sheria kila moyo unapotuuma. Ni kujua sheria yalinda nini. Ikiwa yalinda usawa wa washindani, na tuishike. Ikiwa uhai umo hatarini, uhai watangulia, na matokeo yangoje.

Nasi walimu, ambao kila mwaka hukabidhiwa filimbi katika mashindano ya shule, tusilisahau neno letu wenyewe. Katika Kiswahili, kuamua ni kukata shauri, na pia ni kuwatenganisha wanaopigana. Mwamuzi, basi, hufanya yote mawili: hukata shauri, na hulinda watu wasiumie. Mtoto akianguka karibu na utepe, tusimsukume avuke ili shule yetu ipate kikombe. Tumtazame kwanza.