Dokta Asiyejua Kubeba Majeruhi

Mwaka jana nilihudhuria hitima huko Mahege, wilayani Kibiti. Mwenyeji wangu alinitambulisha kwa wazee kwa heshima zote: "Huyu ni Dokta, anatoka chuo kikuu." Haikupita saa moja kabla ya heshima hiyo kunitokea puani. Kijana mmoja alianguka kutoka juu ya mnazi, na watu wakaja mbio: "Dokta yupo, muiteni Dokta!" Nilifika, nikapiga magoti kando yake, na sikujua la kufanya. Shahada yangu ya uzamivu ni ya historia.

Tulimwinua kwa mikono na miguu kama mtu abebavyo gunia, tukamketisha kwenye bodaboda katikati ya dereva na kaka yake, wakaondoka. Aliishi, lakini miguu yake haikurudiwa na nguvu zake za zamani. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwa upole kwamba mtu aliyeanguka kutoka juu huenda ameumia uti wa mgongo, kwa hiyo hakunjwi wala haketishwi. Hulazwa juu ya kitu kigumu, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, na watu kadhaa humwinua kwa pamoja. Mlango wa nyumba ungetosha kuwa machela. Milango ilikuwepo, aliyekosekana ni mtu mmoja aliyefundishwa.

Jioni dereva wa bodaboda aliporudi aliniuliza: "Mwalimu, hii kazi ya kuokoa wagonjwa ina chuo chake? Mtu kama mimi, wa kidato cha nne, naanzia wapi?" Sikuwa na jibu fupi. Makala hii ni jibu langu refu, nami nalitafuta mahali ninapopajua, yaani katika historia.

Swali la nani afundishwe kutibu si geni nchini mwetu. Mwaka 1926, Dkt. J. O. Shircore, aliyeongoza idara ya tiba ya Tanganyika, alianzisha mafunzo ya watu ambao wananchi waliwaita madresa. Walichukuliwa kutoka maeneo yao, wakafundishwa kwa muda mfupi katika hospitali za serikali, kisha wakarudishwa kwao kuhudumu katika zahanati ndogo chini ya mamlaka za wenyeji. Walijua kuosha na kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Sitaki kuupamba mpango huo. Ulikuwa wa kikoloni, na ulimpa Mwafrika huduma ya bei rahisi huku Mzungu akiwa na hospitali yake. Hata hivyo, ulikiri jambo moja la kweli: daktari aliye mbali hawezi kumfikia kila mgonjwa.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, tulikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, kama Mwalimu Nyerere alivyopenda kukumbusha. Shule ya udaktari ilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 taifa lilielewa kwamba haliwezi kuwangoja madaktari watoshe. Katika miaka ya 1970 vyuo viliongezwa vya kuwafunza matabibu na waganga wasaidizi wa vijijini, na vituo vya afya na zahanati vikasambazwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio na kujadili namna ya kuzuia maradhi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wakulima waliojifunza kusoma juzi tu waliaminiwa kuwa wanaweza kujifunza afya.

Mwaka huohuo wa 1967, mbali sana na sisi, jambo la kufanana na hilo lilitokea Marekani. Katika mji wa Pittsburgh wagonjwa wengi walikuwa wakibebwa na polisi, waliowalaza nyuma ya gari na kukimbia. Dkt. Peter Safar alishirikiana na jumuiya ya Freedom House kuwafundisha Wamarekani weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira, kazi ya kumhudumia mgonjwa tangu pale alipoangukia hadi hospitalini. Watu waliodhaniwa hawafundishiki wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa magari ya wagonjwa waliofunzwa kwa kina nchini mwao. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake na ile ya Freedom House ikafungwa, lakini somo lake lilikwisha kuenea.

Kwetu, taaluma ya tiba ya dharura ilichelewa, na ilipokuja ilianzia juu. Idara kamili ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwafunza madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Ni mafanikio makubwa, na wahitimu hao wameendelea kuwafunza wenzao mikoani. Lakini bingwa humpokea mgonjwa mlangoni. Saa zilizotangulia mlango huo bado ziko mikononi mwetu sisi wabeba magunia.

Saa hizo ni nyingi Kibiti. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara aliacha kungoja pantoni ya kuvuka Rufiji. Magari yakaongeza kasi, na kasi huja na ajali zake. Upande wa delta, mgonjwa wa Salale, Maparoni au Msala husafiri kwa mtumbwi au boti kupitia mikoko, na maji yakipwa nahodha hungoja. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Bahari haijui hesabu hiyo.

Mwaka 2022 serikali ilizindua upanuzi wa mpango wa m-mama nchi nzima. Mtu hupiga namba 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa jamii aliyesajiliwa huitwa na kulipwa nauli. Huo ni ushahidi kwamba dereva wa kawaida anaweza kuwa sehemu ya mfumo wa afya. Lakini mpango huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi hayumo.

Wapo watakaosema kumfundisha asiye mtaalamu ni hatari. Mimi nilishuhudia hatari ya kutomfundisha. Bodaboda na nahodha wanabeba majeruhi leo, kesho na keshokutwa, tupende tusipende. Tunachoweza kuchagua ni kama watabeba wakijua au bila kujua: kukandamiza jeraha linalovuja damu, kumlaza kwa ubavu aliyezimia ili asipaliwe, kuutuliza mguu ulioumwa na nyoka badala ya kuuchanja.

Kwa watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa, nina pendekezo dogo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na baadhi ya vijana huitumia kununua pikipiki. Siku mbili za mafunzo zitangulie kukabidhiwa ufunguo, na walimu wawe matabibu na wauguzi wa wilaya. Kwa wizara pendekezo ni kubwa zaidi: siku hizo mbili zitambuliwe kuwa ngazi ya kwanza, kisha cheti, kisha stashahada, na mwisho ajira yenye jina lake katika muundo wa utumishi. Katika wilaya nyingi gari la wagonjwa lina dereva aliyeajiriwa kuendesha tu, na muuguzi aliyechomolewa wodini, akiacha wengine nyuma yake.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Dresa wa 1926 na mganga msaidizi wa miaka ya 1970 walikuwa fimbo za karibu, pamoja na mapungufu yao. Yule kijana wa Mahege anayo pikipiki, anazijua njia zote, na tayari amebeba majeruhi wake wa kwanza. Aliniuliza aanzie wapi, na jibu la haki lingekuwa jina la chuo na tarehe ya kufungua muhula. Mpaka leo nimempa historia tu.