Aproni ya Mtoto na Historia ya Nguo Katika Pwani ya Kilwa

Kushona aproni ya mtoto si kazi kubwa. Fundi hutwaa kipande cha kitambaa kilichobaki, urefu wake kama mkono mmoja na nusu, akakikunja katikati kwa marefu ili pande mbili zilingane. Hukata nafasi ya makwapa, akapinda pindo pande zote, kisha akatia ukanda wa shingoni na mikanda miwili ya kiunoni. Akitaka kumfurahisha mtoto huongeza mfuko mmoja kifuani. Katika Kiranjeranje, kijiji kilicho kando ya barabara kuu iendayo Lindi, kusini ya Nangurukuru katika wilaya ya Kilwa, kazi kama hiyo haimmalizii fundi asubuhi yake wala haimfilisi mzazi.

Lakini mwanafunzi wa historia akiitazama aproni hiyo vizuri ataona swali ndani yake. Aproni ni nguo ivaliwayo juu ya nguo, ili ile ya chini isichafuke. Basi haiwezi kuwako ila mahali ambapo nguo imezidi haja ya kujisitiri. Je, pwani hii ilifikaje hapo, na ni nani aliyelipa gharama yake?

Maneno yenyewe yatupa ushahidi wa kwanza. Sindano, uzi, kushona na kufuma ni maneno ya asili ya Kibantu. Pamba na bafta asili yake ni Kiajemi. Na merikani ni jina la Marekani lililovishwa sauti ya Kiswahili. Yaani ufundi ulikuwako kwetu, na bidhaa zikaja juu yake kwa zamu. Ushahidi wa pili umo ardhini. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati: hivyo vilikuwa vizito vya kusokotea uzi. Na Wareno walipoiteka Kilwa mwezi wa Julai 1505, Hans Mayr, aliyeandika habari za safari yao, alitaja ya kuwa pamba nzuri ilistawi kisiwani. Kwa hiyo watu wa Kilwa walilima pamba na kusokota nyuzi zamani sana kabla ya kuamriwa na mgeni yeyote.

Karne ya 19 ilibadili mambo. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem katika Massachusetts walijaza masoko ya Unguja na mrima kwa kitambaa cheupe kigumu, ndicho merikani. Nguo ikawa fedha. Mikono minne ilifanya shuka moja, shuka mbili zikafanya doti, na doti zikajumlishwa kuwa majora. Kwa vipimo hivyo zilinunuliwa pembe za ndovu, chakula cha njiani, na wanadamu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara iliyoleta watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Tena tukumbuke ya kuwa, kabla ya vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya nchi hiyo. Mtumwa wa ng'ambo moja alichuma pamba iliyokwenda kumnunua mtumwa wa ng'ambo ya pili.

Hapo nguo ilikuwa pia alama ya daraja. Merikani, na kaniki iliyotiwa nili, zilikuwa mavazi ya watumwa na maskini. Kanzu nzuri na kilemba vilimtambulisha mwungwana. Ndiyo maana, utumwa ulipokwisha, wanawake wengi wa pwani waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Haikuwa tamaa ya mapambo tu. Ilikuwa dai la kuhesabiwa watu.

Kisha pamba ikarudi shambani, lakini kwa sura nyingine. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa sehemu nyingi za pwani na kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, kwa ujira mdogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Wengine wamedhani ya kuwa watu hao walikataa maendeleo. Sikubaliani nao, kwani babu zao wa pwani walikuwa wameilima pamba na kuivaa kwa karne nyingi. Walichokikataa ni pamba isiyowafunika wao wala watoto wao. Adhabu yake ilikuwa kali. Majeshi yalichoma vijiji na chakula, njaa ikafuata, na wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Baada ya uhuru, taifa lilijaribu kuunganisha tena shamba na nguo. Kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China kilisokota, kikafuma na kupiga chapa khanga na vitenge kwa pamba ya nchini. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo iliadimika hata watu wakapanga foleni kuitafuta, na biashara ilipolegezwa baadaye mitumba ikaingia kwa wingi. Mpaka leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje kabla ya kufumwa, na nguo zilizovaliwa na wengine hurudi kwetu katika marobota.

Turudi basi kwa fundi wetu. Kipande alichokishika huenda kilikuwa khanga ya mama, huenda kilikuwa shati la mtu wa Ulaya. Mtoto hatauliza, atataka mfuko wake kifuani. Lakini sisi tusomao yatupasa kuuliza. Wingi wa nguo ni neema, na hakuna mwenye akili atakayetamani siku za ubinda mmoja. Hata hivyo, watu wa Nandete walituachia kipimo kisichotumia mkono wala doti: pamba ya nchi ipimwe kwanza kwa mwili wa mtoto wa aliyeilima. Kwa kipimo hicho, aproni ile ndogo bado haijamalizika kushonwa.