Tangazo Limeonyeshwa. Je, Limeonekana?

Chukua tovuti ya safari yenye ukurasa unaoeleza boti za kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Msomaji anaufungua kwenye simu, anatazama saa ya kuondoka iliyoandikwa juu kabisa, anafunga na kukimbilia bandarini. Chini ya ukurasa huo kulikuwa na tangazo la hoteli ya Nungwi. Kidole chake hakikushuka hadi huko. Je, mwenye hoteli adaiwe?

Jibu limo ndani ya neno moja ambalo wengi wetu tumelichukua kwa Waingereza na kulitamka impresheni. Kwao neno hilo ni alama inayobaki, kama ya muhuri kwenye nta, au taswira inayobaki akilini mwa mtu. Lakini kinachohesabiwa kwenye tovuti hakigusi akili ya mtu. Ni mara moja tu ya tangazo kuletwa kwenye ukurasa uliofunguliwa.

Wapo wanaolitafsiri mwonekano. Silikubali. Mwonekano ni sura: mwonekano wa nyumba, wa gari, wa ukurasa wenyewe. Tena limezaliwa na onekana, na tangazo la Nungwi halikuonekana. Lilionyeshwa. Shina ni lile lile, ona, ila onyesha ni kazi ya anayeleta kitu mbele ya macho, na onekana ni hali ya kitu kilichofikiwa na jicho. Tofauti hii, ambayo mtoto wa Kiswahili anaijua kabla hajaanza shule, iliwasumbua wafanyabiashara wa matangazo kwa muda mrefu. Tangazo la bango la kampuni ya simu ya AT&T lilikuwa limekwisha kutokea kwenye tovuti ya HotWired mwezi Oktoba 1994. Ilipofika 2014 ndipo Marekani ikapata kanuni inayokubalika ya kutenganisha mambo hayo mawili: tangazo la kawaida linahesabiwa kuwa limeonekana iwapo angalau nusu ya eneo lake imekaa kwenye kioo kwa sekunde 1 mfululizo, na la video kwa sekunde 2.

Basi la kwanza tuliite onyesho, na la pili onyesho lililoonekana. Najua tunayo maonyesho ya Sabasaba na maonyesho ya mavazi, lakini anayesoma hesabu za tovuti hawezi kudhani anaalikwa uwanjani. Wanaoandika onesho, kwa kufuata onesha, sina ugomvi nao.

Hapa kuna fedha. Bei ya matangazo hutajwa kwa kila maonyesho 1,000, na kifupisho chake, CPM, huwapotosha wanaoanza: hiyo M ni mille, elfu kwa Kilatini, wao huisoma milioni. Kwa Kiswahili tunasema gharama kwa elfu tukiwa upande wa mwenye tangazo, na mapato kwa elfu tukiwa upande wa mwenye tovuti. (Mwenye tangazo, nasema, kwa kuwa mtangazaji kwetu ni mtu wa redio.) Tuseme ukurasa wa boti unafunguliwa mara 10,000 kwa mwezi, una nafasi 3 za matangazo, na mapato kwa elfu ni dola 2. Hayo ni maonyesho 30,000, yaani dola 60. Google AdSense, iliyoanza mwaka 2003, haitumi malipo mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo mwezi huo hupati kitu mkononi. Na kama makubaliano ni kulipia yaliyoonekana tu, na nusu hayakuonekana, dola 60 zimekuwa 30. Dawa yake ni kulisogeza tangazo la Nungwi karibu na ratiba, mahali jicho linapopita. Bei yenyewe nayo haisimami: msomaji aliye Ujerumani anayepanga likizo hugombewa na mashirika ya ndege na hoteli, na kwa kawaida onyesho lake hulipa zaidi ya la msomaji wa Tanga anayetaka kujua nauli.

Neno jingine la biashara hii, kubofya, halinisumbui. Neno hilo lilikuwa sokoni kabla ya kompyuta: mtu hulibofya embe ajue kama limeiva, na anaweza kuliacha. Anayebofya tangazo la hoteli naye bado hajalipa chumba. Anayebofya matangazo ya tovuti yake mwenyewe avune senti huyo anavunja masharti ya AdSense, na akaunti yake inaweza kufungwa.

Wewe unayeandikiana mkataba moja kwa moja na mwenye hoteli au kampuni ya safari, nakuomba usiandike impresheni wala mwonekano. Andika maonyesho 10,000, au maonyesho 10,000 yaliyoonekana, na katika hilo la pili taja nusu ya tangazo na sekunde 1. Fanyeni hivyo kabla hamjatia saini.